Rafiki yangu ameniapisha nisimwambie mtu kwamba anataka kujiua. Nifanye nini?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullah, sheikh wetu. Mimi niko Tanga. Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari yuko Dar, amepanga chumba peke yake. Tangu uchumba wake ulipovunjika na baadaye kazi ikaisha, amebadilika. Usiku ananitumia sauti za WhatsApp analia, anasema amechoka, amekuwa mzigo kwa mama yake. Juzi kasema ameshajua atakavyofanya. Lakini kabla ya kunieleza aliniapisha "wallahi" nisimwambie yeyote, hasa kaka yake anayekaa Temeke. Nikisema nimevunja kiapo na amana, nikinyamaza naogopa. Dada mmoja wa darsa kanishauri nimtumie hadithi za adhabu ya anayejiua ili atishike. Ni sawa? Na mtu kama huyu ndiyo imani imemtoka?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Swali hili halikungoja zamu. Lilipofika nilimpigia muulizaji jioni ile ile, na haya ndiyo niliyomwambia. Nayaandika kwa idhini yake, na miji pamoja na mengine ya kuwatambulisha nimeyabadilisha.

Binti yangu, tuanze na kiapo, maana ndicho kilichokufunga mdomo. Kivunje. Mwenyezi Mungu amekataza katika Suratul Baqara, aya ya 224, jina lake lisifanywe kizuizi cha kutenda wema na kusuluhisha baina ya watu kwa sababu tu mtu ameapa. Na Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi, kwamba anayeapa juu ya jambo, kisha akaona jingine ni bora kuliko hilo, basi atende lililo bora na akifidie kiapo chake. Kafara yenyewe imetajwa katika Suratul Maida, aya ya 89: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Sisi watu wa madhehebu ya Shafi huku pwani tunatoa kibaba cha mchele kwa kila maskini. Vibaba kumi tu, binti yangu. Wala usingoje uupate mchele ndipo useme. Sema kwanza, mchele utafuata.

Ama amana, ni kweli siri ya mtu ni amana. Lakini roho yake ni amana kubwa kuliko siri yake, na Mungu amesema anayeiokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Hata kusengenya, pamoja na uzito wake wote, Imam Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu yetu, amehesabu mahali sita panaporuhusiwa kumtaja mtu asipokuwepo, na mojawapo ni pale unapotafuta msaada wa kuzuia madhara. Humvunjii rafiki yako heshima. Na usimtangazie kila mtu. Mwambie kaka yake, basi, au mtu mzima mwingine anayeweza kumfikia usiku huu.

Katika maelezo yako kauli moja ilinishtua kuliko machozi yote: "ameshajua atakavyofanya". Mtu kusema amechoka ni jambo la kumsikiliza kwa makini. Mtu kufika mahali pa kupanga ni dharura, kama moto uliokwisha shika makuti. Wewe uko Tanga, huwezi kumshika mkono. Mpigie kaka mtu, usimwandikie ujumbe, mwambie kwa maneno yaliyo wazi: "Dada yako anafikiria kujiua, nenda kakae naye sasa hivi." Asiachwe peke yake, na kile alichokutajia kuwa atakitumia kiondolewe pale alipo. Kukipambazuka aende naye hospitali. Hali ikizidi usiku, waende usiku huo huo.

Kwenye simu ulisema unaogopa kumuuliza waziwazi usije ukamtia wazo kichwani. Hofu hiyo naijua kwa kosa langu mwenyewe. Miaka iliyopita kijana mmoja alinisubiri baada ya Isha, watu wametoka, mimi viatu viko mkononi. Akasema, "Sheikh, nimechoka na dunia." Nikamwambia azidishe istighfari, nikavaa viatu, nikaenda zangu. Wiki haikuisha nikasikia yuko wodini. Alhamdulillah alipona, na nilipokwenda kumtazama aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Nilitaka unikalishe tu." Tangu siku ile mtu akiniambia amechoka na dunia namuuliza: "Unafikiria kujiua?" Hakuna aliyepata wazo kwa swali langu, na wataalamu wa afya ya akili wanasema vivyo hivyo, kwamba kumuuliza mtu hakumpandikizii jambo hilo, bali humfungulia mlango wa kusema. Kinachoufunga mlango ni ile kauli yetu ya kila siku, "usije ukafanya ujinga." Ukishamwambia hivyo, atakujibu "hapana" kwa adabu, na hutajua kitu.

Sasa huyo dada wa darsa. Nia yake njema, lakini mwambie sheikh amesema usitume. Makatazo ni ya kweli. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 29, "wala msijiue", na hadithi za onyo zimo katika Bukhari na Muslim, wala sizipunguzi hata herufi. Ila tazama aya hiyo hiyo inavyoishia: "Hakika Mwenyezi Mungu ni Mwenye kuwarehemu." Katazo lenyewe limefungwa kwa rehema. Anayezama hapigiwi kelele za hatari ya maji, ananyooshewa mkono. Mtu anayejiona mzigo, ukimwambia na moto unamngoja, umemwongezea mzigo.

Na kuhusu imani yake, nakuomba umsome Bibi Maryam. Uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, yuko peke yake, anaogopa maneno ya watu, akasema: "Laiti ningekufa kabla ya haya." Nani atasema Maryam hakuwa na imani? Angalia alichojibiwa. Hakukemewa. Aliambiwa usihuzunike, maji haya hapa chini yako, tikisa shina, tende zitakuangukia. "Basi kula, na kunywa, na litue jicho lako." Maji, chakula, na sauti ya kumwambia hayuko peke yake. Nikiona mtu anakimbilia kutoa mawaidha mbele ya mwenye dhiki, huwa natamani angepita kwanza kwenye aya hizi.

Yaaqub naye alilia hadi macho yakafanya weupe, na ni Nabii. Na katika Sahih Muslim kuna habari ya mtu aliyehama pamoja na sahaba Tufayl bin Amr kwenda Madina, akaugua, maumivu yakamshinda, akajidhuru hata akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari zake alimwombea msamaha. Imam Nawawi amesema hii ni hoja kuwa aliyejiua hatoki katika Uislamu. Nalitaja hili kwa ajili ya familia zilizokwisha fiwa hivyo, zinazosikia minong'ono mitaani kuwa maiti wao haswaliwi. Wanazuoni walio wengi wanasema anaswaliwa na anaombewa.

Wapo watakaosema rafiki yako ana jini. Msomeeni Qur'ani, kusoma ni kheri, lakini kisomo kisimcheleweshe na daktari. Mtume (s.a.w.) ameamrisha watu watafute matibabu, kwa kuwa Mungu hakushusha ugonjwa ila ameushushia dawa. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa kama presha. Hospitali za rufaa za mikoa zinapokea dharura, na Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili. Najua pia familia huogopa polisi, kwa sababu Kanuni ya Adhabu yetu imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Wenzetu Kenya, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha namna hiyo Januari 2025. Lakini rafiki yako hajajaribu kitu. Ana mawazo na maumivu, na hayo hayana kesi. Hata angejaribu, hospitali kwanza, mengine baadaye.

Na wewe unayesoma ukajiona humu: mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno haya haya, "nafikiria kujiua, nikae na wewe." Aliyeko Kenya apige 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Mtoto apige 116, Tanzania na Kenya. Kama unaogopa utajidhuru usiku huu, usibaki peke yako. Gonga mlango wa jirani, mwende hospitali. Na dua aliyotufundisha Mtume (s.a.w.) kwa aliyelemewa ni hii: Ewe Mola, niweke hai maadamu uhai ni kheri kwangu, na unifishe pindi mauti yatakapokuwa ni kheri kwangu. Uamuzi unamwachia Yeye.

NYONGEZA: Muulizaji ameniandikia tena. Kaka mtu alifika usiku ule ule, rafiki yake sasa yuko kwa shangazi yake na ameanza matibabu. Vibaba kumi vimetolewa. Lakini rafiki amemkasirikia, sauti za WhatsApp hazijibu, na anauliza kama amlazimishe wapatane.

Usimlazimishe, binti yangu. Usimtumie na maelezo marefu ya kujitetea. Bibi Aisha akipatwa na msiba, waombolezaji wakishatawanyika na kubaki watu wa nyumbani, alikuwa akiagiza chungu cha talbina kipikwe, yaani uji wa shayiri, akasema amemsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa unamtuliza moyo mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Ukishuka Dar mwezi ujao, nenda kwa huyo shangazi, ingia jikoni, mpikie. Akikataa kutoka chumbani, uache mezani umefunikwa.

Wallahu a'alam.