Timu yako ya chuo inafungwa kila siku? Jinsi ya kubishana kuhusu kocha na usajili bila kugombana na watu

Hii naiandika kwa ajili ya wale ambao timu yao ya kikapu saa hizi iko hoi, kila wikiendi mnapigwa, na kila mkikutana kinyozi ni ngumi na mate, huyu anataka kocha aondoke jana, yule anasema apewe muda, mwingine anataka wachezaji wote wauzwe kama kuku. Nimepita humo. Misimu miwili mizima, na nilikaribia kupoteza rafiki.

Mi naishi Louisville, Kentucky. Kama huujui huu mji, hapa hakuna timu ya NBA, kwahiyo timu ya chuo ndo kila kitu, Cardinals, yaani timu ya Chuo Kikuu cha Louisville, wakifungwa hata mwenye duka anakurudishia chenji kwa hasira. Watani wa jadi ni Chuo Kikuu cha Kentucky, wako Lexington, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari. Na Waswahili tuko wengi humu, Wakongo ndo usiseme, Warundi, Wasomali Wabantu, sisi Wabongo kidogo kidogo. Mimi kikapu cha vyuo nilikipenda tangu nikiwa Dar, sababu ya Hasheem Thabeet, kijana wetu akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut anapangusa mipira ya watu kama anafukuza nzi. 2009 akachaguliwa namba mbili kwenda NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry, hebu fikiria. Nilimshangilia na bado namshangilia, ila ile orodha huwa naikumbuka kila nikiona mtu mtandaoni anaapa kwamba kijana fulani wa miaka 18 ndo ataokoa timu. Wanaolipwa kujua hawajui, sembuse wewe na mimi na simu zetu.

Sasa turudi 2022. Timu imechoka, makocha wamepishana kama daladala, na mwezi wa tatu akaletwa Kenny Payne. Huyu alikuwa mchezaji wa hapahapa, yumo kwenye kikosi cha 1986 kilichobeba ubingwa chini ya marehemu Denny Crum. Mtoto wa nyumbani! Mji ulilia kwa furaha na mimi nikiwemo. Hapo ndo kosa langu la kwanza lilipoanzia, nilishaamua kumpenda kabla hajapanga hata watu watano uwanjani.

Mechi tatu za kwanza za msimu tukafungwa zote kwa pointi mojamoja. Bellarmine 67 kwa 66, na Bellarmine ni jirani, chuo kidogo humuhumu mjini, wameingia daraja la juu 2020 tu. Wright State 73 kwa 72. Appalachian State 61 kwa 60. Nikawa nawaambia watu jamani ni bahati mbaya, pointi tatu tu hizo tungekuwa tunaongea mengine. Tukaenda vipigo tisa mfululizo ndo tukapata ushindi wa kwanza katikati ya Desemba, na msimu ukaisha tumeshinda 4 tumefungwa 28, vipigo vingi kuliko msimu wowote tangu timu ianze.

Rafiki yangu, mzee mmoja wa Uvira, Kongo, tunayefanya naye kazi zamu ya usiku, yeye alishamaliza hesabu mapema. "Batoto banachoka bure, ndugu." Basi mimi napanda mori. Namwambia we mpira umeanza kuujua juzi, kocha ni mtu wa nyumbani, apewe muda, kwani Roma ilijengwa lini. Yeye anacheka tu, hicho kicheko chake ndo kilikuwa kinaniua zaidi. Kuna wiki tatu hatukusalimiana kabisa, watu wazima, tunapakia mizigo kwenye mkanda mmoja, kisa vijana ambao hawatujui.

Ushauri wangu mkubwa umetoka kwenye aibu ya zile wiki tatu. Mke wake ndo alitupatanisha, akatuambia nyie badala ya kupiga kelele si muandike. Kwahiyo mwaka uliofuata, kabla msimu haujaanza, tukakaa kwenye gari lake nje ya duka la vyakula, tukachukua risiti ndefu ya manunuzi tukaigeuza nyuma, kila mtu akaandika kwa kalamu ni kitu gani akikiona uwanjani kitambadilisha mawazo. Kitu cha kuona kwa macho, maana "nikiona wanajituma" au "nikiona kocha ana mapenzi na timu" hayo ukiyaandika kila mtu atayasoma anavyotaka.

Niamini, ni ngumu kuliko unavyodhani! Mimi nilikaa na ile kalamu dakika kumi nzima nikagundua sina sababu yoyote ya kumtetea kocha zaidi ya ile picha ya 1986. Mwisho nikaandika mambo matatu. Moja, baada ya kuita taimauti timu itoke na mchezo unaoeleweka, maana pale ndo kocha anaongea mwenyewe, hakuna kisingizio, umepewa nusu dakika na ubao, sasa tuone umechora nini. Mbili, pasi za kufunga zizidi mipira inayopotea, msimu wa 4 na 28 ilikuwa kinyume, tulikuwa tunapoteza mipira mingi kuliko pasi zinazozaa kikapu, na timu ya hivyo huwezi ukasema ina bahati mbaya. Tatu, mchezaji yuleyule niliyemwona Novemba awe bora ikifika Februari, hata mmoja tu. Hili la tatu naliamini kuliko yote. Matokeo yanaweza kudanganya, unaweza ukakutana na ratiba ngumu, majeruhi, waamuzi, lakini kijana akae na makocha mazoezini miezi minne halafu mguu wake wa kulinda uko palepale, hapo kuna tatizo la ufundishaji na sio la damu.

Msimu wa 2023/24 ukaanza, mechi ya mazoezi tukafungwa na Kentucky Wesleyan, timu ya daraja la pili, 71 kwa 68. Halafu Chattanooga wakatufunga nyumbani, halafu Arkansas State hukohuko nyumbani. Januari tukaenda Miami tukashinda nikaruka juu, nikampigia yule mzee simu saa nne usiku, akaniuliza swali moja tu, risiti inasemaje. Nikakaa kimya. Risiti ilikuwa inasema sivyo.

Naomba nichomekee jambo hapa ambalo silisemi kwa kujisifu. Msimu huo nilienda uwanjani, KFC Yum! Center, linabeba watu zaidi ya elfu 20, na siku hiyo tiketi niliipata kwa bei ndogo kuliko maegesho ya gari. Ndani pamepooza mpaka unasikia viatu vinavyolia sakafuni. Gadi wetu mmoja akapoteza mpira mara ya pili mfululizo nikapiga kelele neno moja la hovyo, kwa Kiingereza kabisa ili lieleweke. Uwanja ukiwa umejaa neno lako linapotea kwenye makelele. Ukiwa mtupu linafika. Yule kijana aligeuka akaangalia upande wetu, sio kwa hasira, kama mtu anayetafuta nani kamwita. Nilijifanya nachezea simu. Umri wake ni kama wa mpwa wangu aliye kidato cha sita kule Morogoro. Mtukane kocha kama huwezi kujizuia, analipwa mamilioni, ila hawa vijana waache, na usiende kwenye kurasa zao ukaandika ujinga wako.

Kwenye mamilioni napo watu wanabishana bila hesabu. Mtu anasema "afukuzwe leo" kama anafukuza mlinzi wa geti. Mkataba wa kocha wa chuo Marekani una fidia, na ya Payne ilitajwa kuwa kama dola milioni 8. Hiyo pesa lazima mtu aitoe, mara nyingi ni matajiri wanaochangia chuo, kwahiyo ukitaka kujua kocha anaondoka lini usisome sura ya mkurugenzi wa michezo kwenye televisheni, angalia viti vya mbele vilivyonunuliwa kwa msimu mzima kama vina watu. Viti vya bei vikibaki wazi mechi tano, kocha hana miezi.

Tarehe 12 Machi 2024 tukacheza na chuo cha NC State raundi ya kwanza ya mashindano ya ACC, ligi ya vyuo tunayocheza, huko Washington. Tukafungwa 94 kwa 85, kesho yake Payne akaondolewa. Jumla yake ushindi 12, vipigo 52. Sasa sikia hii. NC State siku hiyo walikuwa na ushindi 17 na vipigo 14, na mashabiki wao nao walikuwa wanataka kocha wao Kevin Keatts aondoke, yaani zilikuwa timu mbili zinazocheza na makocha wawili waliokaliwa kooni. Walipotufunga sisi hawakusimama tena. Mechi tano siku tano, ubingwa wa ACC. Nusu fainali na Virginia walikuwa wamekufa kabisa, nyuma pointi tatu, Michael O'Connell akatupa wa mbali muda ukiisha, mpira ukagonga ubao ukaingia, wakaenda muda wa nyongeza wakashinda. Wakafika mpaka Final Four, yaani timu nne za mwisho za taifa zima. Ule ubingwa ukamwongezea Keatts miaka miwili kwenye mkataba moja kwa moja, na Machi 2025 baada ya msimu wa ushindi 12 na vipigo 19 wakamfukuza.

Kwahiyo nani alikuwa sahihi, waliotaka aondoke au waliotaka abaki? Nimelifikiria hili sana nikiwa naendesha gari, sijapata jibu, na ndo maana mtu akiniambia "mimi nilijua" huwa namwomba karatasi yake.

Sisi tukamleta Pat Kelsey kutoka College of Charleston. Watu wakanuna, walitaka jina kubwa, na isitoshe alikuta hakuna mchezaji hata mmoja wa ufadhili aliyebaki. Hapa ndo usajili wa sasa unapotisha. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama mara ya kwanza bila kukaa benchi mwaka mzima, na 2024 wakaruhusu ahame hata kila mwaka ilimradi masomo yake yako sawa, ongeza na pesa za matangazo walizoruhusiwa Julai 2021, basi kikosi cha chuo kimekuwa cha msimu mmojammoja. Zamani ulikuwa unabishana juu ya kijana utakayemwona miaka minne, siku hizi usinunue jezi yenye jina. Kelsey hakutafuta watoto wenye video tamu, akachukua watu wazima waliokwishacheza dakika nyingi. Chucky Hepburn alikuwa kacheza Wisconsin miaka mitatu, Terrence Edwards katoka James Madison, Reyne Smith, Mwaustralia wa kutupia mbali, kamfuata kocha wake kutoka Charleston. Ukiona orodha ya usajili wa timu yako angalia kwanza dakika walizocheza huko walikotoka, video za kudanki weka pembeni.

Na mimi je, nilijifunza? Wapi! Ikafika katikati ya Desemba 2024, wachezaji wetu Kasean Pryor kaumia goti, Koren Johnson bega, Kentucky wametufunga, tumeshinda 6 tumefungwa 5, nikaanza tena. Tumetapeliwa, huyu ni yaleyale. Yule mzee akatoa risiti nyingine kutoka kwenye dashibodi, akaniambia andika. Nikaandika kwamba hatufiki mashindano makubwa ya Machi ya vyuo vya nchi nzima, ambayo hatujayaona tangu 2019, na nikifeli nanunua mbuzi. Vile vitu vyangu vitatu vya mwaka jana vilikuwa vinaonekana vyote uwanjani, taimauti, pasi, wachezaji kukua, nilikuwa naviona kwa macho yangu na bado nikaandika vile. Sina maelezo.

Tukashinda 21 kati ya 24 zilizobaki. Jumla ushindi 27 vipigo 8, fainali ya ACC tukafungwa na Duke, na tarehe 20 Machi 2025 tukawa Lexington kucheza na Creighton kwenye hayohayo mashindano makubwa.

Mechi ilikuwa mchana, na ilikuwa Ramadhani. Kwahiyo picha ni hii, mimi nimefunga, nimesimama nyuma ya nyumba ya mzee nageuza mbuzi wa deni langu mwenyewe, harufu inanipanda mpaka kichwani, televisheni imewekwa dirishani, Creighton wanatutupia pointi tatu kama mvua, 89 kwa 75. Mzee ni mlokole, hana Ramadhani wala Kwaresima, alishakula mbavu mbili kabla ya mapumziko. Zangu akanifungia kwenye foili mpaka magharibi.