"Sugu" kwenye kadi ya mtoto

Mwanangu alikuwa na miaka miwili. Alikesha akilia, mkono haubanduki kwenye sikio la kulia. Karibu na alfajiri akanyamaza ghafla, akalala fofofo, nasi tukamshukuru Mungu. Kulipokucha, foronya imelowa usaha wenye damudamu.

Kumbe kule kunyamaza ndiko kupasuka kwenyewe. Usaha ulijaa nyuma ya kiwambo cha sikio mpaka kikatoboka. Presha ikashuka, maumivu yakaisha. Mama mkwe akashauri mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Nikatia. Usinicheke, na wala usiige.

Nilipofika kliniki, kadi iliandikwa: "TM imetoboka, maambukizi sugu ya sikio la kati." Nilivyoliona hilo "sugu" nikajua basi, dawa hazitasikia. Muuguzi akaniuliza, "Mama, usaha una siku ngapi?" Nikahesabu: 17. "Basi ndiyo sugu hiyo. Siku 14 na kuendelea tunaita sugu, chini ya hapo ni ya muda mfupi." Nilikuwa nimelia bure.

TM ni hicho kiwambo, mtaani twasema ngoma ya sikio. Ni utando uliowambwa kama ngozi ya ngoma, upana wake kama sentimita 1. Nyuma yake ndipo sikio la kati: kijichumba cha hewa chenye vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku (si cha mguuni, ni kile anachokanyagia mpanda farasi). Kutoka hapo kuna mrija unaoshuka hadi nyuma ya pua. Kwa watoto mrija huo ni mfupi na umelala, kwa hiyo mafua hupanda kirahisi. Nami nilikuwa nimemgombeza dada wa kazi kwamba anamwogesha mtoto ovyo! Nilimwomba radhi jioni ile ile.

Tiba kubwa ilikuwa kukausha. Unachukua kitambaa laini cha pamba, kisafi, unakisokota kama utambi wa koroboi, unaingiza taratibu. Ukilowa, toa, weka mwingine, mpaka utoke mkavu. Mara tatu kwa siku, halafu ndipo matone. Pamba za vijiti hapana, na usiache kitu sikioni. Ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, hiyo si ya kukausha nyumbani, kimbia hospitali.

Kiwambo chake kiliziba chenyewe baada ya miezi miwili hivi. Matone yakabaki nusu chupa, na jirani akaja kuyaomba kwa ajili ya mwanawe. Nikamwuliza, "Wamekwambia ngoma yake nzima au imetoboka?" Hakujua. Kuna matone yakipita kwenye tundu hudhuru usikivu, na mengine hayana shida, sasa mimi nitajuaje la mwanawe? Nikamnyima, akanuna. Kesho yake nikamsindikiza kliniki.