FUNDI ANAJIBU: Nyasi bandia zinatuama maji, nifanyeje?

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nimehamia nyumba yangu mpya hapa Ipuli, Tabora, mwezi wa Agosti. Udongo wa kiwanja ni mfinyanzi mweusi. Mbele ya baraza tulitandika nyasi bandia, mita 6 kwa 8, watoto wapate pa kuchezea bila kuingiza tope ndani. Aliyetandika alimwaga mchanga juu ya udongo, akasawazisha, basi. Tangu mvua zianze, ukikanyaga maji yanachuruzika vidoleni, na siku tatu baada ya mvua bado pamelowa na pananuka. Mmoja ananiambia nitoboe nyasi, mwingine nimwage zege chini yake, mwingine nichimbe shimo la kunyonya maji. Nimsikilize nani?*
*Mama wa watoto watatu, Ipuli*

Marahaba mwalimu, na hongera kwa nyumba. Kabla hujatoa hata shilingi, simama barazani mvua inaponyesha uangalie maji ya bati yanaangukia wapi. Hukuniambia kama umeweka gata. Nyumba nyingi mitaani kwetu watu wanahamia bila gata, maana fedha zimeishia kwenye madirisha na vigae. Piga hesabu nami: mvua ya milimita 40, ambayo Desemba kwetu haimshangazi mtu, inamwaga lita 1,920 juu ya nyasi zako. Upande mmoja wa paa, tuseme mita za mraba 70, unaongeza lita 2,800. Yaani zaidi ya nusu ya maji yanayokusumbua yanatoka kwenye bati. Weka gata upande huo, maji yaingie kwenye tanki, na yanayozidi yapitishe kwenye bomba hadi mbali na nyasi na mbali na msingi. Hilo halingoji kiangazi.

Nyasi usizitoboe. Karibu zote zinatoka kiwandani na matundu mgongoni; inua pembe moja utayaona. Maji yanapita vizuri, ila yakifika chini yanakosa njia. Mfinyanzi ukishashiba hupitisha milimita 1 hadi 5 tu kwa saa. Kwenye nyumba mpya hali ni mbaya zaidi, na hili linaniuma kwa sababu linaepukika: malori ya mchanga na tofali yameshindilia uwanja muda wote wa ujenzi, kisha udongo uliotolewa kwenye shimo la choo, ule wa chini kabisa, unasambazwa juu ati kusawazisha. Hapo ndipo ulipomwagiwa mchanga, kingo zikabaki juu. Wakulima wa mpunga wa Nzega na Igunga hutengeneza majaruba yao hivyohivyo: sakafu ya mfinyanzi, tuta pande zote. Ukiongeza mchanga unayaongezea maji mahali pa kukaa.

Zege siipendi hapo. Mfinyanzi mweusi huvimba ukilowa na kufanya nyufa ukikauka, na zege nyembamba itapasuka nao. Shimo la kunyonya lipime kwanza. Chimba kishimo cha sentimeta 60, kijaze maji, yaache yaishe, jaza tena, kisha angalia kwa rula yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Chini ya sentimeta 2.5, achana nalo, utakuwa umechimba kisima cha mbu. Ukikuta mfinyanzi umeisha na chini kuna mchanga au changarawe, hapo wazo hilo lina maana.

Kazi yenyewe ifanye Juni au Julai, udongo ukiwa umekauka. Kunja nyasi, uziweke kivulini. Ondoa mchanga wote, uchonge mfinyanzi wenyewe uwe na mteremko kutoka barazani kwenda nje, sentimeta 1.5 kwa kila mita. Kwa mita zako 6 ni sentimeta 9. Pima usawa kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji; jicho linadanganya. Watu wengi huweka mteremko juu ya kokoto wakaacha sakafu ya udongo bapa, na maji yanatembea kwenye sakafu hiyo. Shindilia. Tandika kitambaa cha kuchujia kinachopitisha maji, kwa sababu bila hicho mfinyanzi utapanda na kuziba kokoto baada ya masika machache. Juu yake kokoto safi sentimeta 10, kisha vumbi la kokoto sentimeta 2 au 3 la kulainisha, halafu nyasi.

Ukingo wa chini ndio wenye kazi kubwa. Chimba mfereji wa kina cha sentimeta 40 na upana wa 30, uvike kitambaa hichohicho, ulaze bomba la inchi 4 lenye matundu yakiangalia chini, likishuka sentimeta 1 kila mita, ulifunike kwa kokoto. Mwisho wa bomba uwe wazi, mahali unapoweza kuufikia na kuusafisha.

Na wapi limwage? Si kwa jirani, wala si kwenye septiki, ambayo itafurika na kukuletea balaa jingine. Mtaro wa barabara ndio mahali pake, lakini waulize TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ofisi ya mtaa kabla hujaugusa.

Kwa hiyo nipimie kitu kimoja: kutoka usawa wa nyasi ukingoni hadi chini ya mtaro ni sentimeta ngapi? Bomba lako litaanzia karibu sentimeta 40 chini, na hadi lifike mtaroni litakuwa limeshuka zaidi. Kama mtaro una kina kifupi kuliko hapo, bomba halitamwaga kitu na tutalazimika kupanga upya. Niandikie kipimo hicho kabla hujaagiza kokoto.