Waulize Mafundi: Sanduku linalokula barafu

SWALI: Nasafirisha kuhe na migebuka kwenda Tabora ndani ya sanduku la mbao lenye kuta mbili, katikati nimejaza maranda unene wa sentimita 10. Lilipokuwa jipya barafu ilifika. Siku hizi nusu ya njia imeshakuwa maji. Fundi anataka nilivike bati linalong'aa. Nimsikilize?
Mama muuza samaki, Kibirizi, Kigoma

JIBU: Hela ya bati iweke kwanza, mama. Bandua ubao wa ndani ulio chini kabisa, chota maranda, yakamue kiganjani. Yakishikamana kama tonge la ugali, ugonjwa umeupata. Kinachozuia joto pale si vipande vya mbao, ni hewa iliyonaswa katikati yake ikakosa pa kwenda. Maji yakikaa mahali pa hewa hiyo, ukuta umekwisha kazi: maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia.

Maji huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni barafu iliyoyeyuka, inayopenya kwenye maungio ya sakafu. Ya pili wengi hawaishtukii: mvuke wa hewa ya ziwani hupita kwenye ubao wa nje, ukifika kwenye ukuta wa ndani wenye baridi unageuka matone, kama jasho la chupa ya soda. Kwa hiyo kupigilia nailoni upande wa ndani tu hakutoshi.

Anika maranda siku mbili tatu ukiyageuza. Yaliyoota ukungu tupa. Yafunge ndani ya nailoni nzito ya ujenzi, kama mito, kila mto ukubwa wa ukuta wake, kisha uipachike. Usishindilie kwa mguu, lakini tikisa mpaka yajae, maana yakishuka safarini linabaki pengo juu na hewa inazunguka humo ikibeba joto. Kifuniko kipe unene uleule, na ukingoni pigilia mpira wa tyubu ya baiskeli. Tundu la kutolea maji nalo lina hila: likiwa wazi, hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, inamwagikia huko na ya moto inavutwa kwa juu. Chomeka kipande cha mpira wa maji kilichopindwa kama herufi U, maji kidogo yabaki kwenye kona.

Barafu je? Kilo 20 za samaki wenye nyuzi 26 hutaka karibu kilo 6 za barafu ili wafike nyuzi 0. Sanduku lenye nafasi ya ndani ya sentimita 60 kwa 40 kwa 40, maranda yakiwa makavu, huyeyusha kama kilo 3 kwa saa 12. Hata hivyo weka kilo 20: kuna sanduku lenyewe la kupoza, kufungua njiani, na gari kuharibika. Ivunje ndogondogo, tandika chini, kati na juu kabisa.

Bati lina faida pale tu sanduku linapopigwa na jua juu ya gari. Turubai jeupe lililoinuliwa kidogo litakutosha.

SWALI: Barafu nikiifunika blanketi si itayeyuka upesi?
Muuza juisi, Urambo

JIBU: Hapana. Blanketi halina moto wake. Wewe unapata joto chini yake kwa sababu mwili wako unalitoa. Barafu haitoi chochote, na joto la nje linacheleweshwa. Lisilowe tu.

SWALI: Chupa yangu ya chai haina ufa, lakini chai ya alfajiri ni vuguvugu saa 3.
Mwalimu, Nzega

JIBU: Jaza maji yanayochemka, funga, subiri dakika 10, shika ubavu wake. Ukiwa na joto, hewa imeingia kati ya kuta mbili za chupa. Mskoti James Dewar alipobuni chupa ya aina hii mwaka 1892, siri yote ilikuwa kuondoa hewa humo. Kama ni ya kioo, chungulia ncha ndogo ya kioo kwenye kitako chake, palipozibwa baada ya hewa kutolewa; mara nyingi huvunjikia hapo, na fundi hana la kufanya ila kubadili kioo. Ubavu ukiwa wa baridi, mlaumu mfuniko: mpira umekakamaa.