Maswali ya Wasomaji: Droni naijua kuirusha, kazi ya saiti nitaipata?

SWALI: Shikamoo, mzee. Mimi ni wa Morogoro, sasa niko Columbus, Ohio, mwaka wa kwanza katika chuo cha jamii, vile vya miaka miwili. Jioni nafunga jipsamu. Chuoni kuna somo la kupima kwa droni na satelaiti kwa kazi za ujenzi. Kaka yangu anasema huo ni mchezo wa watoto, nisomee umeme. Nikipata leseni ya droni nitaajiriwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Leseni usiiogope wala usiitukuze. Mtihani wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, una maswali 60, kufaulu ni asilimia 70, ada dola 175, na hata kijana wa miaka 16 anaruhusiwa. Wenye nayo ni wengi.

Mkandarasi hanunui picha, ananunua namba: udongo uliochimbwa ni yadi ngapi za ujazo, lami ina mteremko kiasi gani. Kwa hiyo siku mwalimu atakapowatoa na vibao vya rangi nyeusi na nyeupe mkavipigilie ardhini vionekane kwenye picha za droni, na kuvipima kwa GPS, usikae kivulini ukingoja zamu ya kurusha. Kazi ndiyo hiyo. Na vibao vichache usiviingize kwenye hesabu ya kutengeneza ramani. Viweke akiba uione ramani yako kama inasema kweli.

Mimi nilifundishwa na futi. Marekani ilikuwa nazo mbili, ya wapimaji na ya kimataifa, zikipishana futi 1 tu katika futi 500,000. Nikachagua siyo. Namba zetu za kuonyesha mahali kwenye ramani ya jimbo zilikaribia futi milioni 2, basi mtaro mzima ukahama karibu futi 4, kwenye skrini ukapita ndani ya ukuta wa jirani. Msimamizi hakunigombeza. Aliniuliza tu maji yatapitaje kwenye tofali. Futi ya wapimaji ilistaafishwa mwisho wa 2022, ila michoro ya zamani imejaa nayo, kwa hiyo uliza kila mara.

Picha ya satelaiti haitakupimia msingi: nukta moja ya picha ya Landsat, satelaiti za Marekani za kupiga picha ardhi, ni mita 30 kwa 30, nyumba yako na ya jirani zinaenea humo. Mipaka ya viwanja nayo mwachie mpima mwenye leseni ya jimbo.

Jipsamu usiiache bado. Muulize mwalimu kama chuo kina skana ya leza ya ndani ya majengo. Theluji ikianguka huko kwenu droni hukaa kwenye boksi, na kuta hizo za ndani wewe unazijua.