Nisome mwenyewe au niipe mashine?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeletewa maombi 14 ya ruzuku ya utafiti, niyatathmini kwa siku 9. Rafiki ananishauri niyapakie kwenye ChatGPT inifanyie muhtasari. Kuna ubaya gani?

JIBU: Marahaba. Upo, tena unaanzia kwenye ile fomu ya usiri uliyotia saini. Ukishapakia, wazo la mtu ambalo halijachapishwa popote linakwenda kwenye seva za kampuni, na wewe hujui litahifadhiwa wapi wala litafundishia nini. Ndiyo maana mwaka 2023 NIH, taasisi za utafiti wa afya za Marekani, ziliwakataza watathmini kutumia akili mnemba kuchambua maombi na kuandika tathmini. Baraza la Utafiti la Australia nalo likakataza mwaka huohuo. Na usijidanganye kwamba kulifuta jina la mwombaji kunatosha. Mbinu yake humtaja.

Mimi niliwahi kuijaribu, kwa andiko langu la zamani lililokataliwa. Mashine ikasifu "sampuli ya kutosha". Sampuli yenyewe watu 11! Hapohapo ndipo watathmini walipoliangusha andiko langu. Lugha ilikuwa laini kama hariri, ila jicho la mtathmini halikuwamo.

Kunyoosha sarufi ya maoni yako tu? Hata hapo muulize kwanza ofisa anayesimamia tathmini, maana maoni nayo hubeba siri za andiko. Na kama siku 9 hazitoshi, mwandikie leo umrudishie nusu, kabla hujafungua hata moja.