Kibanda cha kujaza nyimbo: kosa liko wapi, na dereva wa bajaji asikilize nini?

SWALI: Nina kibanda Ngamiani, Tanga, chenye kompyuta moja na diski ya nje iliyojaa nyimbo: taarabu, dansi la zamani, Bongo Fleva na singeli. Wateja wangu wengi ni madereva wa bajaji na daladala. Wanaleta flashi au memori kadi, nawajazia, wananilipa. Juzi kijana mmoja anayesoma sheria ameniambia kazi hii ni jinai na faini yake ni milioni 20. Nilipowaeleza wateja walikuja juu. Mmoja akasema nyimbo zipo bure mtandaoni, mwingine akasema Ulaya sheria za namna hii watu waliziandamania zikafutwa. Je, ni kweli? Anayesikiliza naye ana kosa, au ni mimi peke yangu? Nyimbo za zamani za hapa Tanga nazo zina mwenyewe? Na nikiacha, dereva nimpe nini kitakachopiga kwenye redio yake?

JIBU: Kijana huyo hakukutania, ila alikusomea mstari mmoja akaruka wa juu yake.

Sheria zinazokugusa ni mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, iliyo chini ya COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Hiyo ndiyo inayosema wimbo ni wa nani na nani ana ruhusa ya kuunakili. Ya pili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao Namba 14 ya mwaka 2015, kifungu cha 24, inayoingia pale kompyuta au simu inapotumika kwa nia ya kuvunja haki hiyo. (Msomaji wa ng'ambo ya pili, Pemba na Unguja, asilichukue jibu hili kama lilivyo. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki.)

Kifungu cha 24 kina ngazi mbili. Asiyefanya kwa biashara: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Anayefanya kwa biashara: faini isiyopungua milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili, pamoja na fidia kwa aliyeumizwa kadiri mahakama itakavyoona. Neno la kuliangalia hapo ni "isiyopungua". Sheria nyingi huweka kikomo cha juu, hakimu akashuka mwenyewe kulingana na uzito wa jambo. Hapa kilichowekwa ni kianzio. Kwa kibanda chako hicho ndicho kiasi cha chini kabisa. Kwa kijana asiyeuza chochote, aliyepakia albamu moja mtandaoni ili rafiki zake waichukue, kianzio cha milioni 5 ni kizito kupita kosa lenyewe, na wateja wako wakinung'unika kwa hilo wana hoja.

Sasa anayesikiliza. Kusikiliza si kosa. Hata kunakili kuna mlango ulioachwa wazi: kifungu cha 12 cha sheria ya 1999 kinamruhusu mtu kutengeneza nakala kwa matumizi yake mwenyewe ya faragha, ya kazi iliyokwisha kutolewa hadharani kihalali. Aliyenunua CD akaigeuza MP3 ili aisikilize kwenye simu yake yumo humo. Wewe humo hupo, kwa sababu nakala unayotengeneza si yako na umelipwa kuitengeneza. Wenye vibanda hujitetea hivi: "Mimi siuzi wimbo, nalipisha umeme na muda wangu." Hoja hiyo haifiki mbali, maana kinachohitaji ruhusa ni kitendo chenyewe cha kunakili, na malipo yanakupandisha tu kutoka ngazi ya kwanza kwenda ya pili. Na kwa kuwa kifungu kinadai nia, mtu aliyekwisha kuelezwa akaendelea kama kawaida atapata tabu kusema hakujua.

Dereva wa daladala ana suala lake la pembeni: muziki anaowapigia abiria unahesabika kuwa wa hadharani, kama ule wa baa au saluni, na leseni yake ni nyingine. Hilo aulizie COSOTA.

Kuhusu "zipo bure mtandaoni", bure ziko za aina tatu na zimechanganywa kapu moja. Iko bure ya YouTube kwenye akaunti ya msanii: kutazama hulipi, kwa kuwa tangazo limelipa. Ukiutoa wimbo pale kwa programu ya kugeuza video kuwa MP3, umekata malipo hayo na umevunja masharti ya YouTube. Iko bure ya huduma kama Mdundo, inayomruhusu mtu apakue bila kulipa huku matangazo yakigharimia, lakini ruhusa hiyo ni ya anayepakua kwa simu yake. Haikupi wewe haki ya kujaza diski ukawagawia watu 60 kwa siku. Ya tatu ni tovuti ambayo mtu amezipakia nyimbo bila kumwuliza yeyote. Kinachowavuruga watu ni kwamba wapo wasanii wanaopeleka wimbo wao wenyewe kwenye tovuti za kupakua ili usambae, kwa hiyo ukurasa mmoja unaweza kuwa na wimbo wenye ruhusa na usio nayo, na kwa macho havitofautiani. Njia ya kujua ni kufuata kiungo kinachotolewa kwenye ukurasa rasmi wa msanii mwenyewe.

Torenti, njia ya watu kugawana faili moja kwa moja kati ya kompyuta zao, nazitaja kwa sababu kuna wenye vibanda wanaojazia diski zao huko. Kompyuta inapopokea vipande vya faili kwa torenti, wakati huohuo inavirusha vipande ilivyonavyo kwa wengine, hata kama hukubonyeza chochote. Utetezi wa "nilikuwa napakua tu" unafia hapo. Na anwani ya IP yako, namba inayokutambulisha mtandaoni, inaonekana kwa kila aliyemo kwenye mgawanyo huo. Kwenye mitandao ya simu anwani moja hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja, lakini kampuni ikiwa na saa kamili na namba ya poti inaweza kufika kwenye laini, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole.

Habari ya Ulaya ni kweli nusu. Poland walijaa barabarani Januari 2012 kuupinga mkataba wa ACTA, wa kupambana na bidhaa bandia na unakili haramu, na tarehe 4 Julai mwaka huohuo Bunge la Ulaya likaukataa kwa kura 478 dhidi ya 39. Ufaransa ilipitisha mwaka 2009 sheria ya HADOPI: onyo la kwanza, onyo la pili, kisha kukatiwa intaneti. Baraza la Katiba likasema chombo cha utawala hakina mamlaka ya kumkatia mtu intaneti, hiyo ni kazi ya hakimu, na mwaka 2013 adhabu ya kukatiwa ikaondolewa ikabaki faini. Sweden, kesi ya The Pirate Bay, tovuti ya torenti, na ile sheria ya kuwatambua wanaogawana faili ziliwachoma vijana kiasi kwamba Chama cha Maharamia, kilichotetea kugawana faili, kilipata asilimia 7.1 ya kura za Bunge la Ulaya mwaka 2009. Marekani, kampuni za rekodi zilianza kuwashtaki watu binafsi Septemba 2003. Katika kesi iliyotajwa sana, ya Jammie Thomas-Rasset, baraza la wazee wa mahakama liliamua mwaka 2009 alipe dola milioni 1.92 kwa nyimbo 24. Baada ya rufaa, kiasi kilichosimama ni dola 222,000. Kampuni zilikwisha kutangaza mwishoni mwa 2008 kwamba zinaacha kushtaki watu kwa wingi.

Lakini tazama watu walikataa nini. Walikataa kupekuliwa, kukatiwa mtandao bila hakimu, na malipo yasiyofanana na kosa. Haki ya mtunzi juu ya wimbo wake haikufutwa Warsaw wala Paris, na anayeuza nakala zisizo na ruhusa huko anashtakiwa mpaka leo. Hata kwetu, sheria ya 2015 ilipopita kelele nyingi zilikuwa juu ya kifungu cha 16 cha taarifa za uongo na mamlaka ya polisi kupekua vifaa. Kifungu cha 24 kilipita katikati ya zogo hilo watu wengi wasikione, ndiyo maana wateja wako wanakishangaa leo.

Nyimbo za zamani za Tanga ni swali zuri kuliko yote, na wengi hulijibu vibaya kwa kudhani wimbo una haki moja. Zipo mbili, moja juu ya nyingine. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Haki ya rekodi, pamoja na ya waimbaji na wapigaji, ni miaka 50 tangu kurekodiwa au kutolewa. Chukua wimbo wa mfano uliorekodiwa na kutolewa 1968 na mtunzi wake akafariki 1990. Rekodi ilimaliza muda mwisho wa 2018, lakini utunzi unalindwa hadi mwisho wa 2040. Wa kuombwa ruhusa hapo ni mjukuu wa mtunzi, na huenda anakaa Makorora au Chumbageni, barabara chache kutoka kibandani kwako. Kwa hiyo nyimbo za Black Star, Lucky Star, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, vikundi vya zamani vya Tanga, si mali ya kila mtu kwa sababu tu ni za zamani. Ukumbuke pia kwamba mwimbaji wa taarabu mara nyingi siye aliyetunga shairi. Ukipata ruhusa ya familia ya mwimbaji peke yake, bado huna ruhusa ya wimbo.

Tuje kwenye redio ya dereva, kwa maana hapo ndipo wenye vibanda wanaojaribu kubadilika hushindwa. Dereva analipia programu ya muziki, anahifadhi nyimbo kwenye simu, analeta flashi umhamishie. Hazihami. Si kwamba simu ni mbovu: faili za programu hizo zimefungwa kwa ufunguo wa akaunti yake, redio haiwezi kuzifungua. Anachohitaji ni sauti itoke kwenye simu iingie kwenye redio. Redio yenye Bluetooth imemaliza kazi. Yenye tundu la AUX inahitaji waya wa milimita 3.5. Yenye USB peke yake inahitaji kirushio cha FM cha kuchomeka kwenye tundu la volti 12: chagua masafa matupu kati ya 87.5 na 108, weka namba hiyohiyo kwenye redio. Masafa yaliyo matupu mjini yanaweza kuwa na stesheni ukifika Muheza au Korogwe, basi mwambie dereva asogeze namba badala ya kurudisha kifaa akidai kimekufa. Kwa wanaotumia AUX huku simu inachaji, huzuka mvumo unaopanda na kushuka na mwendo wa injini, kwa kuwa simu na redio zinakula umeme wa betri moja. Chomoa chaja usikilize. Mvumo ukikoma, weka kile kikata mvumo kinachokaa katikati ya waya wa AUX.

Bando ndilo lalamiko la pili. Wimbo wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula takriban MB 1 kwa dakika, kwa hiyo wa dakika 4 ni MB 4, na GB 1 inabeba nyimbo kama 250. Ukiwekwa kwenye kilobiti 320, wimbo huohuo unafika karibu MB 10 na GB yako inabeba 100. Dereva anayesikiliza moja kwa moja mtandaoni saa 8 kwa siku, kwa 128, anamaliza karibu MB 480 kila siku. Akizihifadhi nyimbo 250 mara moja kibandani kwako kwa Wi-Fi, amemaliza. Hiyo ndiyo huduma ya kuuza: kumfungulia akaunti kwa namba yake mwenyewe, kushusha ubora kwenye mipangilio, kuelekeza hifadhi kwenye memori kadi, kumpakulia orodha yake, na kumfungia redio au kirushio. Usiwape watu 40 akaunti yako moja, watatoleana nje siku nzima na wewe utafungiwa. Waambie pia mapema kwamba malipo yakikatika nyimbo zinajifunga, na kwenye Spotify hujifunga hata kwa aliyelipa asipoingia mtandaoni kwa siku 30.

Flashi nazo huna haja ya kuziacha kabisa. Vikundi vya Tanga vinavyorekodi vyenyewe vinaweza kukupa ruhusa, mradi iwe ya maandishi: majina ya nyimbo moja moja, nani mtunzi na nani mwenye rekodi, unaruhusiwa kuuza kwa flashi au pia kurusha kwa Bluetooth, hadi lini, mgao wa kila nakala ni shilingi ngapi, na sahihi za wote wawili. Sahihi ya kiongozi wa kikundi haitoshi kama mashairi ni ya mtu mwingine. Fomati flashi kwa FAT32, kwa sababu redio nyingi za bajaji hazisomi NTFS, na weka daftari la nakala ulizouza ili mgao usilete ugomvi.

Diski yako ya sasa: kama hujapokea barua wala wito, ondoa nyimbo zote usizo na karatasi yake na uache kabisa kuitumia kwa wateja. Kama umeshapokea chochote kutoka COSOTA, polisi au wakili wa msanii, usifute hata wimbo mmoja, kwani kuharibu ushahidi ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Izime, ifungie, umwone wakili nayo ikiwa vilevile.